Kabla ya kununua springi nzito: jibu kwa mama wa D-Max ya Mau Narok

Swali

"Mimi ni mama mfanyabiashara wa viazi. Nina pikapu ya Isuzu D-Max ya 2016, kebini moja, 4x4. Dereva wangu hutoa viazi Mau Narok hadi Nakuru mara nne kwa wiki, na msimu wa mvua huingia mpaka ndani ya mashamba. Akipakia magunia 14 gari linakaa nyuma, taa zinamulika juu ya miti, na kwenye mashimo nasikia chuma kikigonga chuma. Fundi wa mtaani anasema tuongeze majani mawili ya springi za Canter kila upande. Duka moja la Nairobi linaniuzia seti kamili ya kuinua gari inchi mbili. Shemeji yangu naye anasema niweke mifuko ya hewa. Ninachotaka ni gari libebe tani moja na nusu bila kulala. Lakini gari hilo hilo ndilo hunipelekea mama yangu kliniki Nakuru, na likiwa tupu linaruka hadi mgongo unamuuma. Nichague nini?"

Jibu

Mama, pole kwa usumbufu, na ahsante kwa kueleza kwa undani. Nikikusoma vizuri, una mambo matatu: gari linalala likibeba, linaruka likiwa tupu, na hutaki kutupa pesa kwa kitu ambacho mwakani kitakurudisha gereji. Yote yanajibika. Ila wale watatu waliokushauri wameruka jambo la kwanza kabisa, nami sitaliruka: springi haiongezi uwezo wa gari kubeba. Springi nzito inaficha mzigo. Nyuma hakulali tena, jicho linaridhika, lakini kilo ni zile zile, na sasa zinamaliza sehemu ambazo huzioni.

Uwezo wa pikapu unapangwa na kiwanda kwa kuangalia chesisi, ekseli ya nyuma na bearing zake, breki, rimu na tairi, kisha springi. Ukibadilisha springi peke yake, hao wengine wote wanabaki walivyokuwa. Pikapu za kundi la gari lako, iwe D-Max, Hilux au Ranger, zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, zingine zaidi kidogo, zingine pungufu. Na hiyo tani si ya viazi pekee. Dereva yumo, mpakiaji yumo, na kama umechomelewa fremu ya vyuma juu ya bodi ili magunia yasianguke, nayo imo. Namba kamili ya gari lako utaipata kwenye kitabu cha mmiliki, au umpe wakala wa Isuzu namba ya chesisi akutafutie. Muulize mambo mawili: uzito wa juu wa gari zima likiwa na mzigo, na uzito wa juu wa ekseli ya nyuma. Hilo la pili watu hawaliulizi, na ndilo linalokuhusu zaidi.

Sasa tuje kwa magunia 14. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Kumi na nne mara 50 ni kilo 700, na kwa mzigo huo D-Max yenye springi nzima hailali mpaka taa zimulike miti. Wewe mwenyewe umetaja tani moja na nusu. Gawanya hiyo kwa 14 utaona kila gunia linakaribia kilo 110. Hiyo ni lumbesa. Ukijumlisha dereva na mpakiaji, tuseme kilo 140, na fremu ya kama kilo 100, gari lako linatembea na zaidi ya kilo 1,700 juu ya uzito wake. Sikulaumu, najua soko linavyowabana wauzaji, na najua mkulima akishashona gunia lile, kulifungua shambani ni vita. Lakini siwezi kukuchagulia springi huku nikijifanya sijaona hesabu hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa mtu yeyote, pima. Nakuru kuna wasagaji na wenye mabohari ya nafaka walio na mizani ya malori. Omba wakupimie, wengi hukubali kwa ada ndogo. Dereva apakie kama kawaida yake, asipunguze hata gunia moja kwa sababu anaenda kupimwa. Gari lipande lote, mwandike. Kisha magurudumu ya mbele tu yakae juu ya sahani, mwandike. Mwisho ya nyuma tu. Baada ya kupakua, rudieni yale yale na gari tupu. Karatasi hiyo yenye namba sita ina maana kuliko maelezo yote utakayopewa dukani, kwa sababu springi huuzwa kwa kilo za mzigo wa kawaida, na muuzaji asiyekuuliza kilo anakisia tu.

Wakati wa kupima, tazama pia jinsi dereva anavyopanga. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye gari lako ni takriban mita 3. Magunia mawili ya kilo 100 yakikaa juu ya mlango wa nyuma, mita moja nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma haipati kilo 200, inapata kama 267. Hizo 67 za ziada zimetolewa kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi gari likiwa limejaa nyuma. Magunia mazito yakae karibu na kebini, mepesi nyuma. Hapo hujatumia hata shilingi.

Nieleze sasa nani anafanya nini huko chini, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu, zile silinda mbili za mafuta zinazosimama kando ya springi, hazibebi kitu. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kupiga juu chini baada ya shimo. Ndani mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, na mtikisiko unageuka kuwa joto. Kwa hiyo anayekuambia gari limelala kwa sababu shokapu zimekwisha anakosea: kulala ni springi, kurukaruka ni shokapu. Nahisi kwako vyote viwili vimechoka, kwa sababu hakuna shokapu ya kiwanda inayodumu miaka mingi kwenye moramu ya Mau na mzigo wa aina hiyo. Barabara yenye mawimbi madogo inaichemsha. Mafuta yakipata moto yanatoa povu, na povu halizuii pistoni. Dereva huhisi nyuma ya gari ikitambaa pembeni kwenye kona, akafikiri ni utelezi.

Chuma kikigonga chuma maana yake springi imefika mwisho wa safari yake na ekseli imegonga raba iliyo chini ya chesisi, au raba hiyo yenyewe ilikwisha ikakatika. Kila kishindo hapo kinaenda moja kwa moja kwenye chesisi bila kupunguzwa. Angalia raba hizo leo. Ni rahisi kuzipata, na gari lisitembee na mzigo bila raba hizo.

Tuanze na ushauri wa fundi wako wa mtaani. Kuongeza jani si kosa kwa asili yake, na fundi mzuri wa springi hapa Nakuru anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Shida ni jani la Canter. Ugumu wa jani hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe: unene mara unene, halafu tena mara unene. Jani la milimita 8 ni gumu kuliko la milimita 7 kwa karibu nusu nzima, ingawa kwa macho hutaona tofauti. Jani la milimita 10 ni gumu karibu mara tatu ya lile la 7. Ukiwa na majani matano ya milimita 7 kisha ukaongeza mawili ya milimita 10 yenye urefu unaokaribiana, hujaongeza asilimia kidogo. Springi imekuwa ngumu zaidi ya mara mbili. Likiwa na viazi gari litasimama wima. Likiwa tupu nyuma haitajikunja kabisa, na mama yako ndiye atakayelipa kwa mgongo wake.

Kuna baya kuliko hilo. Majani ya springi moja hutengenezwa yakijuana, kila moja limepindwa kidogo zaidi ya lililo juu yake, ili yakifungwa pamoja yagawane kazi. Jani la gari jingine lina upinde wake. Likiingizwa kwa nguvu, sehemu moja ya jani kuu inakunjwa kupita kiasi na sehemu nyingine haiguswi. Jani kuu likivunjika, kwa kawaida huvunjika kwenye tundu la bolti ya katikati au karibu na jicho la mbele, yaani ncha iliyoviringwa inayofungwa kwenye chesisi, na jicho hilo ndilo linaloshika ekseli mahali pake. Likikatika kwenye mteremko wa kushuka Njoro, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari linajigeuza lenyewe.

Ukitaka kujua hali ya springi ulizonazo, mwambie fundi aoshe tope kwa maji, kisha akague kwa tochi katikati kabisa, pale yu-bolti, zile bolti zilizopindwa zinazofunga springi kwenye ekseli, zinapobana. Jani zima lina kutu ya rangi moja. Ufa huonekana kama uzi mwembamba mweusi unaokata upana wa chuma, na mara nyingine kando yake kuna kutu nyekundu iliyotoka ndani kama unga. Chini zaidi, kwenye ncha za majani mafupi, utaona sehemu iliyong'aa ambapo jani moja linasugua jingine. Hiyo ni kawaida ikiwa ni laini. Ikiwa ncha imechimba mfereji kwenye jani la juu yake, jani hilo la juu limedhoofika, na ufa ukianza utaanzia hapo.

Usikubali pia springi zako zilizolala zipigwe nyundo ili zirudi kwenye upinde. Zitarudi, utafurahi wiki chache, kisha zitalala tena. Chuma cha springi, kile ambacho Wajapani hukiita SUP9, hupata nguvu yake kwa kupashwa moto, kuzimwa kwenye mafuta na kupashwa tena kwa kipimo. Kupinda baridi hakurudishi nguvu iliyopotea. Na mtu asichomelee chochote kwenye jani, wala asipitishe moto wa gesi karibu nalo, hata kama ni kukata bolti iliyogoma. Pale moto ulipogusa ndipo patakapovunjika.

Seti ya inchi mbili kutoka Nairobi. Kuna bidhaa nzuri sokoni, nyingi za Australia, kwa sababu Waaustralia wana barabara ndefu za vumbi na pikapu kama zetu: Old Man Emu, Ironman, Dobinsons, Tough Dog. Shokapu zake huwa na mwili mnene na mafuta mengi, hivyo huchelewa kupata moto. Bushi (raba za ndani ya macho ya springi) na shakeli (kiungo kinachoning'iniza ncha ya nyuma ya springi) mara nyingi huja ndani ya seti. Mtu akiniambia anazipenda sibishani naye. Swali langu ni je, unahitaji kuinuliwa? Wengi hununua inchi mbili wakidhani gari litavuka matope kirahisi. Mfupa wa difu, ule unaokwama katikati ya njia ya trekta, hauinuki hata nukta kwa springi. Umeshikwa na magurudumu. Kinachouinua ni tairi kubwa tu. Kinachopanda ni kebini, bodi na magunia, na uzito ukipanda juu gari linapinduka kirahisi zaidi kwenye njia ya kuinama, hasa mzigo wenyewe ukiwa umeshonwa mpaka juu ya fremu.

Mbele kuna hesabu nyingine. D-Max za kizazi cha pili, kama huenda yako ilivyo, zina springi za koili mbele, tofauti na zile za kizazi cha kwanza zilizokuwa na vyuma vya kujisokota. Ukiinua mbele, shafti za 4x4 zinakaa kwa pembe kali, raba zinazofunika jointi zake zinachanika mapema, na pembe za magurudumu zinahama. Kwa inchi moja na nusu hivi, alaimenti nzuri inaweza kurekebisha. Ukipita hapo unaanza kuhitaji mikono ya juu ya kisasa, na gharama inafuatana. Kwa kazi yako sioni sababu ya kuigusa mbele, ila kama koili na shokapu zimechoka, hapo badilisha kwa za kimo cha kawaida.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho huwa namwonyesha kila mteja kabla hatujafungua bolti. Pikapu nyingi, hasa zisizo na ABS, zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi karibu na ekseli ya nyuma, ikiwa na mkono mwembamba wa chuma ulioungwa na ekseli. Nyuma ikishuka kwa mzigo, mkono unasukumwa, vali inafunguka, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu zinapewa kidogo ili magurudumu yasijifunge. Fikiria sasa umeweka springi ngumu na nyuma haishuki tena. Vali inaona gari tupu. Una tani nzima nyuma, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na mzigo. Mwambie fundi atambae chini aangalie kama unayo. Kama ipo, springi zikibadilishwa ni lazima mkono huo upimwe na kurekebishwa kwa kipimo cha kiwanda. Nimekutana na magari mengi ambayo mkono huo umefungwa kwa waya mahali pamoja, na mwenye gari hajui.

Mifuko ya hewa ya shemeji yako ina mahali pake. Inakaa kati ya ekseli na chesisi, unaijaza upepo ukiwa na mzigo na kuupunguza ukiwa huna. Kwa mtu anayevuta trela mwisho wa wiki, au anayebeba mzigo mara moja moja, ni suluhisho zuri, na kwa nadharia ingekufaa wewe pia kwa vile gari lako ni la viazi leo na la mgonjwa kesho. Lakini springi ya majani hupeleka uzito kwenye chesisi mahali pawili, jicho la mbele na shakeli ya nyuma. Mfuko unaupeleka mahali pamoja, juu ya ekseli. Ukijaza upepo mpaka gari lililozidiwa lisimame wima, magunia yaliyo nyuma ya ekseli yanashusha mkia, kebini na injini zinashusha kichwa, na mfuko unasukuma katikati kwenda juu. Chesisi inapinda kati ya kebini na bodi. Pikapu zilizopinda hapo zinajulikana kwa macho: simama pembeni, angalia pengo kati ya kebini na bodi. Likiwa pana juu na jembamba chini, uti wa gari umekubali.

Ukiamua kuiweka hata hivyo, kila mfuko uwe na mpira wake wa upepo. Ikiunganishwa kwa mpira mmoja, kwenye kona upepo unatoka upande uliolemewa unaenda ule mwingine, na gari linalala pembeni badala ya kuzuiwa. Tena lazima dereva akumbuke kupima upepo kila asubuhi na kupunguza baada ya kupakua. Wewe ndiye unayemjua dereva wako. Kwenye matope na mawe ya shambani, mpira unaochomoka ni jambo la kawaida, nami kwa kazi ya kila wiki sipendi gari linalotegemea upepo.

Sasa nikuambie ningefanya nini gari lingekuwa langu.

Kama mizani itaonyesha, au utaamua, kwamba mzigo wako ni kati ya kilo 700 na 900 ukijumlisha na fremu, nunua springi mpya kamili za nyuma zilizotengenezwa kwa ajili ya D-Max, za hatua mbili. Maana yake majani ya juu ni laini kiasi na ndiyo yanayofanya kazi gari likiwa tupu, halafu kuna jani nene lililonyooka chini ambalo haliguswi mpaka mzigo uingie. Hizo ndizo zitakazompa mama yako nafuu na bado zishike viazi. Chagua zilizoandikwa kwa kilo zako, usiende daraja la juu "kwa usalama". Springi ya kilo 600 za kudumu ni ya mtu ambaye kilo 600 hazishuki garini, kama mwenye bodi ya vifaa vya ufundi. Wewe unarudi mtupu kila safari. Fuatanisha na shokapu zilizotengenezwa kwa springi hizo, kwa sababu springi ngumu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi na shokapu ya zamani haitaizuia. Bushi zote mpya. Yu-bolti mpya, hizo hazirudiwi, zikishakazwa zimevutika. Kama pesa ni kidogo, afadhali springi na shokapu za kiwanda halisi kuliko seti ya bei rahisi iliyoandikwa maneno makubwa kwenye boksi.

Kama utabaki na tani moja na nusu, mama, sitakuuzia springi, na ukipata anayekuuzia, muulize atakuandikia wapi kwamba ekseli na breki zitastahimili. Hakuna springi ya kazi hiyo kwa gari hili. Breki zinapochukua gari zima lililozidi kwa robo ya uzito wake, joto lake kwenye mteremko nalo linazidi kwa robo, na kutoka Mau Narok kwenda chini mteremko ni mrefu. Tairi nazo zina kikomo kilichoandikwa ubavuni: namba 110 maana yake kilo 1,060 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, na hiyo ni ikiwa na upepo kamili na ikiwa mpya. Mwendo wako wa kweli hapo ni safari zaidi zenye magunia ya kilo 50, au kukodi lori dogo kama Canter au Isuzu NKR siku za msimu na kuiacha pikapu ikusanye viazi kutoka mashambani hadi barabarani. Piga hesabu ya mwaka mzima: springi zilizovunjika, tairi, bearing, siku gari lilipolala gereji viazi vikioza. Wengi niliokaa nao na kalamu waligundua gunia la ziada lilikuwa linawala. Na soma karatasi ya bima yako. Bima nyingi za magari ya biashara zina kifungu cha mzigo uliozidi, na mkaguzi atakayetumwa baada ya ajali atauliza magunia yalikuwa mangapi.

Kuhusu mgongo wa mama yako, kuna la kufanya wiki hii bila kununua kitu. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha upepo wa tairi, na mara nyingi kina namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Madereva wa mizigo hujaza ya mzigo na kuiacha hapo mwaka mzima. Tairi ngumu chini ya springi ngumu na bodi tupu ndiyo inayomrusha. Siku ya kliniki, shusheni upepo wa nyuma hadi namba ya gari tupu, na muurudishe kabla ya kupakia tena. Pia mnaweza kuweka mifuko miwili ya mchanga mbele kabisa ya bodi, iliyofungwa vizuri isitembee. Gari litatulia.

Siku ya kufunga springi, kaa karibu kidogo. Bolti za jicho na za shakeli zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake chini, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa hewani, raba za bushi zinashikwa zikiwa zimejisokota, na zitapasuka ndani ya muda mfupi. Bolti ya katikati iingie kwenye tundu lake la ekseli pande zote mbili. Baada ya kama kilomita 500 rudi yu-bolti zikazwe tena. Alaimenti ifanywe, na taa za mbele zishushwe upya kwa kimo kipya. Kwa kuwa gari ni la biashara na hukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka, weka risiti na karatasi za sehemu ulizonunua.

Mengine hayawezi kujibiwa kwa maandishi. Mpeleke gari kwa mtu aliye na shimo la kuingia chini au lifti, kabla ya kupakia tena hata gunia moja, ukiona lolote kati ya haya: pengo la kebini na bodi halilingani juu na chini, rangi ya chesisi imepasuka nyuma ya kebini au karibu na mahali springi zinaposhikwa, gari lenyewe linaelekea mbele lakini ukilitazama kwa nyuma linatembea kimshazari, upande mmoja uko chini kuliko mwingine kwa zaidi ya upana wa kidole likiwa tupu kwenye sakafu tambarare, mafuta yanavuja ndani ya gurudumu la nyuma, au pedali ya breki inazidi kuzama kila mnaposhuka. Chesisi iliyopasuka isichomelewe na mtu wa milango na madirisha. Inahitaji fundi wa chesisi atakayepima kwanza kama imenyooka, akatoboa mwisho wa ufa usiendelee, na akajua mahali ambapo kiwanda hakiruhusu moto kabisa. Na kama dereva amekuambia pedali inazama, viazi vilivyo ndani vihamishiwe gari jingine hapo hapo barabarani, hata kama mnunuzi anasubiri sokoni.